Funguo Tatu za Besi ya Mirindi

Cibitoke, Bujumbura
Ijumaa, 14 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Léocadie,

Basi simu ikakatika hapo hapo, na mimi nikabaki na jibu mdomoni. Uliuliza, "Lisette, lakini una raha?" nikasema "Shangazi..." na mtandao ukaondoka. Nilikupigia tena, sikukupata. Baadaye nikaona ni afadhali, maana simu yako ikilia nyumba nzima husogea kusikiliza, na jibu langu lilikuwa refu, tena si la kusikilizwa na kila mtu. Ndiyo maana naandika. Kuna mama wa hapa mtaani anayevuka kuja Kigoma kesho kutwa na vitenge vyake, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Nikusalimu kwanza kama inavyopasa. Hujambo, Shangazi wangu? Goti la kushoto linasemaje na huu upepo wa asubuhi? Baba Salvator amepona kile kifua, au bado anakataa dawa na kusema ni vumbi tu? Na Salvator mwenyewe, amerudi chuoni? Sisi huku hatujambo, Mungu ametulinda. Kiangazi kimeingia, milima ya ng'ambo haionekani kwa ukungu wa vumbi, na mafuta ya gari hayapatikani, kwa hiyo mji mzima unatembea kwa miguu na kulalamika kwa sauti. Miguu yetu ni mizima. Hilo si dogo.

Nianze na raha, kwa sababu ipo, na sitaki ufikiri haipo. Nampenda Mirindi, Shangazi. Nampenda mpaka naona haya kuandika. Akirudi kutoka karakana na vumbi la mbao kwenye nyusi, naujua mwendo wake kabla hajafika kwenye mlango wa bati, na kila jioni moyo unaruka kana kwamba nilikuwa sijui kuwa anaishi hapa. Ananiletea vitu visivyo na maana, na mimi naviweka vyote: parachichi moja, kipande cha ubao chenye mistari mizuri, maua ya ukingo wa barabara yaliyokwisha kunyauka. Akilala ananishika kidole. Si mkono, ni kidole kimoja, kama mtu aliyeshika kitu kisije kuruka. Vikombe ulivyotuletea siku ya harusi vimo kabatini, na tunanywea vile viwili vya maua mekundu tu, vingine tunavihurumia.

Hayo yote ni kweli. Lakini tangu harusi nilikuwa nayatazama kama mtu aliyechomwa sindano na daktari wa meno. Shavu ni lako, unaligusa, unajua ni shavu, lakini halikuambii kitu. Watu walinipongeza, nikasema asante. Nilifungua zawadi, nikakunja makaratasi. Raha ilikuwepo na sikuisikia. Nilijua tu kwamba ipo, kama tunavyojua sasa hivi kwamba ziwa lipo nyuma ya vumbi.

Nikueleze chanzo chake, maana kanisa lenu halina desturi hii na huenda hukuelewa ulichokiona. Kwetu kijana akioa, anatoka kwenye kwaya ya vijana siku hiyo hiyo. Bwana harusi anahamia kwa wababa, bibi harusi kwa wamama. Ni utaratibu tulioukuta, na hakuna anayeuhesabu kuwa adhabu. Unakumbuka kwenye karamu walimwita Mirindi apige gitaa la besi kwenye wimbo wa mwisho, na suti yake vile vile? Ulipoisha akavua mkanda begani, akamvisha Fabrice aliyechaguliwa kumrithi, na ukumbi wote ukapiga vigelegele. Nilipiga mimi. Ulipiga wewe. Mirindi alikuwa anacheka. Picha ipo, meno yote nje.

Besi ile aliipiga tangu alipokuwa na ndevu tatu kidevuni. Ni mali ya kwaya, hakuna aliyemnyang'anya. Aliitoa kwa mkono wake, anacheka, na toka hapo akanyamaza.

Haukuwa ukimya wa hasira. Ananisalimu, anasifu chakula, anasali. Lakini nikimwuliza tupike nini, "Kama unavyotaka." Pazia la rangi gani? "Kama unavyotaka." Jumapili ya kwanza yeye alikaa kwa wababa, mimi kwa wamama na kitenge chao kipya kiunoni. Kwaya ikasimama, Fabrice akaanza, na kutoka nilipokaa niliviona vidole vya Mirindi juu ya goti lake. Havikusogea hata kidogo. Afadhali vingesogea. Na mimi niliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya hiyo hiyo, wimbo ninaoujua hata mahali pa kuvuta pumzi, mdomo wangu haukufunguka. Sikulia. Nilitazama feni ikizunguka.

Sasa hapa, Shangazi, naomba unisikilize kwa upole. Siku ulipokuwa unanifunda, uliniambia mume akinyamaza nimpikie, nisimwulize. Ulisema ukimya wa mume ni sufuria ya maharagwe, ukifunua kila mara hayaivi. Nililishika neno lako lilivyo, kwa sababu ni lako. Sikufunua. Nikawa napika na kunyamaza. Tukawa watu wawili wanaopendana, tunanyamaziana kwa adabu ndani ya chumba kimoja, kila mmoja akidhani mwenzake ametulia. Na mimi nilikuwa na swali moja nililolificha: je, anajuta? Maana kama hangenioa, besi ingekuwa bado begani kwake.

Sanduku lilikuja lenyewe. Yule rafiki yangu wa shule, Irène, anapika katika nyumba moja ya wakubwa huko Kiriri, na bwana wa huko anavuta zile sigara nene zinazouzwa kwenye sanduku la mbao lenye bawaba ndogo za shaba. Zikiisha, sanduku linatupwa. Irène akaniletea moja niwekee vifungo, maana unajua sare za shule bado nazishonea hapa nyumbani. Mirindi aliporudi akaliona mezani, akalishika, akaligonga kwa kifundo cha kidole na kulisogeza sikioni. Akaligonga tena pembeni.

"Mwerezi," akasema.

Neno moja tu, Shangazi, lakini alilisema bila kuulizwa. Nikamwaga vifungo kwenye sahani, nikamwambia lichukue. Sikusema la kufanyia nini. Yeye pia hakusema. Siku chache baadaye alirudi na shingo ya gitaa mkononi, ubao mgumu wa mti wa libuyu uliobaki kwenye mlango wa mteja, ameupiga randa mpaka ukawa laini kama mfupa uliolambwa. Hapo ndipo nikajua anajitengenezea besi, na nikaanza kusali kwa ajili ya sanduku la sigara.

Vilibaki vitu viwili ambavyo fundi seremala hawezi kuvichonga. Kuna zile funguo za kichwani za kukazia nyuzi, halafu kuna mikro, kile kidude kinachosikia uzi na kupeleka sauti kwenye spika. Tukaenda Jabe kwa Uthmani, fundi wa redio, mtu wa mjini hapa tangu enzi za babu yake, mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio za watu. Anasema sana huyo baba. Alipotuona tu akanikaribisha mimi, halafu akamtazama Mirindi kutoka juu hadi chini.

"Na huyu bwana, mbona amesimama kama mutu anangoja kungolewa jino?"

Nilicheka mimi. Mirindi akatabasamu kwa adabu.

Uthmani alikuwa na mikro za namna mbili. Moja ilikuwa kipande cheusi kilichotolewa kwenye gitaa lililokufa, ndani yake sumaku na waya mwembamba kama unywele. Hiyo inasikia uzi wa chuma peke yake, lakini lazima ukate kifuniko cha sanduku uipachike. Nyingine ni kisahani cha shaba, chembamba kama sarafu, kama vile vinavyolia ndani ya saa za kuamshia. Hicho hukati kitu, unakigandisha kwa gundi chini ya kifuniko, na chenyewe kinasikia ubao unavyotikisika. Uthmani alisema kinasikia hata mbu akikohoa, na alisema hivyo kama sifa.

Mirindi aliishika ile ya sumaku muda mrefu kwenye kiganja. Akaipindua, akaipuliza vumbi, akairudisha. Mimi nikasema jamani tusikate sanduku zuri namna hii, tuchukue kisahani. Akasema, "Kama unavyotaka."

Na funguo vile vile. Kulikuwa na funguo mpya zinazometa kama hereni, zimepangwa kwenye kikaratasi. Kulikuwa pia na mkebe wa maziwa wenye funguo kubwa za zamani, zimeshika kutu, zilizotoka kwenye besi iliyovunjika. Mirindi alitia mkono mkebeni, akazungusha moja, akasikiliza meno yake. Mimi nikasema hizo ni mbaya, Mirindi wangu, besi yako ya kwanza haiwezi kuvaa kutu. Uthmani akaapa wallahi kwamba zile zinazometa unaweza kumfungia tembo na asitoke. Nikamtazama mume wangu. Kama unavyotaka.

Nilirudi nyumbani nimezibeba kama mayai.

Shangazi, zile ni funguo za gitaa la kawaida, lenye nyuzi nyembamba. Uzi wa besi ni mnene kama kamba ya kiatu. Haukuingia kwenye tundu. Mirindi akalipanua tundu kwa tupa, taratibu, bila neno, uzi ukaingia, akaanza kukaza, na kijiti cha ufunguo kikakatika kama njiti ya kiberiti. Akaweka wa pili. Huo haukukatika, uliteleza tu na kurudi kila alipouachia. Akaziweka funguo zote mezani, zimepangwa sawasawa.

Nilimwuliza kama alijua. Akasema alijua tangu Jabe. Nikamwuliza kwa nini basi hakunikataza.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Nikaona inatosha."

Mwanamke mwingine angesema hayo ni mapenzi. Na mimi najua ni mapenzi. Lakini nilikwenda nyuma kuanua nguo, nikasimama na shati lake mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu harusi nilisikia kitu: hofu. Ikiwa mume wangu anaweza kuniangalia nikikosea funguo na akanyamaza ili nisikasirike, je, ni nini kingine amenyamazia?

Jumamosi tulirudi Jabe. Uthmani alicheka mpaka akashika meza, akazipokea zilizobaki, akasema tembo ni tembo, yeye hakusema habari za besi. Tukaomba mkebe wa kutu. Ndani yake zilizokuwa nzima ni tatu tu, na besi ina nyuzi nne. Nilitaka kuhuzunika, lakini Mirindi akasema tatu zinatosha, ule uzi wa nne hata kanisani alikuwa anaugusa Pasaka na Krismasi tu. Uthmani akacheka tena, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni mchekeshaji.

Nyuzi alikuwa nazo mwenyewe, za zamani, alizozihifadhi kwenye kopo. Nyuzi za besi zikichoka unazichemsha, jasho na uchafu vinatoka, zinalia tena. Basi nikazichemsha kwenye sufuria ya ugali, hapo uani tunapopikia wote. Jirani yangu Benite, mke wa Sébastien, alikuwa anakaanga ndagala, dagaa mnaowaita ninyi, kwenye mbabula yake ya mkaa. Akaja akachungulia sufuria yangu.

"Lisette, sasa unapika waya? Bwana amekuchokesha hivyo?"

Nikamwambia ni mboga ya kwao Mirindi. Akasema wanaume wa huko ndiyo maana wamekauka.

Sébastien alituazima spika yake kubwa, ile anayokodisha kwenye sherehe. Mirindi akaiweka nje uani, chini ya dirisha, ili asikie sauti kwa mbali, na akapitisha waya dirishani mpaka kwenye besi, ndani tulipokaa. Kisahani kilikuwa kimeganda chini ya kifuniko. Akanipa besi niishike wima na kuikumbatia kifuani, isizunguke wakati anakaza uzi. Kidevu changu kilikuwa juu ya sanduku. Yeye amepiga magoti mbele yangu, anazungusha ufunguo wa kwanza, anausikiliza, uso wake karibu sana na wangu. Ule mwerezi unanukia, Shangazi. Nilimpenda sana dakika ile na sikusikia chochote, na huko kutosikia ndiko kulikonisukuma. Nikamnong'oneza, polepole kabisa, yeye peke yake asikie:

"Mirindi, unajuta kunioa?"

Na uwanja mzima ukauliza hivyo hivyo.

Sauti yangu ilitoka kwenye spika ikiwa kubwa, nzito, kama mwanamke aliyefungiwa ndani ya pipa. Kisahani kile kinasikia ubao, na ubao ulikuwa umelala kifuani kwangu. Sauti ikagonga ukuta wa jirani ikarudi. Nilisikia ndagala wa Benite wakiendelea kuchemka kwenye mafuta peke yao, maana kila kitu kingine kilinyamaza. Halafu Benite akaita kutoka nje, bila haraka.

"Mirindi, jibu basi. Mutoto wa watu anauliza."

Na Sébastien akaongeza kwamba ajibu karibu na sanduku, na wao wasikie.

Mirindi hakucheka. Alinyosha mkono akachomoa waya kwenye besi, akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Mimi nikabaki nimekumbatia sanduku kama mjinga. Nilitamani kurudisha lile swali mahali lilipotoka. Kisha akasema:

"Besi naililia, Lisette. Kila siku. Lakini nikisema naililia, we utasikia kama nilikosea kukuoa. Sikujua kusema moja bila ingine. Nikanyamaza."

Nikamwuliza, na kunioa?

"Kukuoa sijuti. Ningeitoa tena, hata kesho. Ila ningeitoa na kulia, si na kucheka."

Shangazi, ndipo nikamwambia na mimi. Kwamba siimbi tena, hata jikoni, hata nikiwa peke yangu. Kwamba siku ile tulivua wote wawili, yeye mkanda na mimi sauti, na yangu hakuna aliyeiona kwa sababu haining'inii begani. Alishangaa. Alifikiri nimechoka na kazi ya cherehani. Alikuwa anaogopa kuniuliza, kwa sababu na yeye alifundwa: baba yake mdogo alimwambia bibi harusi akitulia ni dalili ya kuridhika, asimchokoze.

Tulilia basi, wote wawili, sakafuni. Haikuwa tamu. Unajua mguu ukikaliwa mpaka ukafa ganzi, ganzi yenyewe haiumi. Kinachouma ni damu inaporudi. Ndivyo ilivyokuwa. Baadaye Benite akaita kuuliza kama tumemaliza, kwa sababu ndagala wake wameungua kwa ajili yetu, na kama hatuli sisi basi hajui ni nani atakayewala. Tulitoka na macho yetu mekundu tukala ndagala walioungua. Hakuna aliyeuliza kitu. Sébastien alisema tu kwamba spika yake inafanya kazi vizuri.

Kesho yake, Jumapili, tukinywa chai kabla ya ibada, mume wangu akaweka kikombe chini.

"Sitaki hii mikro," akasema.

Nusura nipige vigelegele. Sitaki! Hiyo ndiyo sitaki ya kwanza katika ndoa yangu, Shangazi, na kama ningeweza ningeitia kwenye fremu pamoja na picha ya harusi. Lakini nilimbishia papo hapo, kwa sababu kweli sikutaka sanduku likatwe. Akasema kisahani kinasikia kila kitu, cherehani yangu, kifuniko cha sufuria ya Benite, kidevu changu. Besi haitakiwi kusikia nyumba, inatakiwa kusikia uzi. Nikasema kwenye kifuniko hicho kuna picha ya ua la dhahabu, naye anataka kutoboa katikati ya ua. Akasema ubao umeumbwa kukatwa. Nikasema vifungo vyangu ndivyo vilivyotangulia kukaa ndani ya sanduku hilo. Akasema vifungo havipigi muziki. Tulibishana tukivaa, tukabishana njiani, tukanyamaza mlangoni mwa kanisa kwa heshima ya Mungu, na tulipotoka akaendelea pale pale nilipomkatiza. Nilikuwa nimekasirika kweli. Na nilikuwa natembea kando yake nikisikia vumbi kwenye meno, jua mgongoni, kiatu kinachobana. Vyote nilivisikia.

Alishinda yeye. Juzi alipitia kwa Uthmani akabadilishana kisahani na ile ya sumaku, na jioni akaketi mlangoni na msumeno mdogo. Nilitoka nisione. Ua la dhahabu limebaki nusu. Sitakudanganya kwamba limependeza.

Lakini sauti, Shangazi. Inatoka uzi tu, safi, haina cherehani wala Benite. Inafika tumboni kabla ya masikioni. Ufunguo mmoja katika zile tatu bado unalegea, kila baada ya wimbo lazima aukaze, na anauzomea kama mbuzi. Vidole vyake vimeanza kuota sugu tena na ananionyesha kila jioni, kama mtoto anayeonyesha jino jipya. Jana alipiga ule wimbo wa mwisho wa karamu. Mimi sijaimba bado, nasema ukweli wangu. Nilifungua mdomo, ikatoka miayo. Siku nyingi bado naamka nikiwa vile vile, shavu la daktari wa meno, nagusa vitu vizuri vya nyumba yangu na vinachelewa kunijibu. Lakini vinajibu. Pazia nililochagua peke yangu, kwa mfano, sasa najua silipendi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, nina raha, ila inarudi kwa kuuma. Na kuhusu maharagwe, Shangazi wangu, usinione nimekukosea heshima. Ulinifunda vizuri, na mengine yote uliyoniambia yamenisaidia, hasa yale ya wifi. Lakini hata maharagwe, kuna wakati lazima mtu ainame aangalie kama moto bado upo. Ukimfunda binti mwingine wa ukoo, naomba umwongezee hilo.

Nisalimie Baba Salvator na umwambie anywe dawa. Nisalimie Salvator, na jirani yako Mama Assia aliyenipaka hina mikono yote miwili ingawa si desturi yetu. Mwambie ilikaa mwezi mzima na wamama wa kanisa walinionea wivu. Mirindi anakusalimu kwa heshima zote. Benite naye anasema anakujua kwa jinsi ninavyokutaja, na anakusalimu. Mungu akulinde usiku na mchana, akupe goti jipya, na nyumba yako isikose chumvi wala wageni.

Wageni wenyewe ni sisi. Hukupata kumjua Mirindi, Shangazi. Ulimwona siku moja tu, ndani ya suti, anacheka kicheko kisichokuwa chake. Basi la abiria likipata mafuta tutapita mpakani Mugina, na lisipopata tutatafuta namna nyingine, lakini kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako na besi yetu ya nyuzi tatu. Ukitusikia usiku wa kwanza tunabishana, yeye akisema hivi na mimi nikisema vile, najua ni kazi ya shangazi kuamua. Nakuomba usituamue.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye bila kupunguza,

Lisette